Kenya na Tanzania, Nani Mbabe? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimehusu jambo moja, nalo ni ubishi wa kirafiki kati ya majirani wa Afrika Mashariki juu ya nani mwenye jeshi lenye nguvu na nani aliyetangulia kiteknolojia. Tumechagua tano, na baadhi yake tumezifupisha.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita mjini Arusha. Bwenini kwetu kuna wenzetu kutoka Kenya, na kila jioni ubishi ni uleule. Wao husema jeshi lao lina bajeti kubwa na ndege bora, nasi huwajibu kwamba JWTZ, jeshi letu la Tanzania, ndiyo iliyomng'oa Idi Amin wa Uganda. Wakishindwa hutoa orodha za kimataifa zinazopanga majeshi kwa namba. Tafadhali tukatie shauri: jeshi lipi lina nguvu zaidi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hizo orodha, kwa sababu ndizo zinazopotosha vijana wengi. Orodha inayonukuliwa zaidi, ya Global Firepower, hutayarishwa na tovuti binafsi. Hujumlisha vigezo zaidi ya 60, kuanzia idadi ya watu, askari, vifaru na ndege hadi mafuta na bandari, kisha hutoa alama moja ambayo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo nchi inavyohesabiwa kuwa na nguvu. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kukuambia kama kifaru kina vipuri, kama rubani ameruka mwezi huu, au kama askari aliye mstari wa mbele atapata chakula na risasi wiki ya tatu ya vita. Mambo hayo ndiyo yanayoamua, na hakuna nchi inayoyatangaza.

Katika suala la fedha wenzako wana hoja, kwa kuwa kwa miaka mingi matumizi ya Kenya kwa ulinzi yamekuwa juu ya yale ya Tanzania. Katika ndege pia wana hoja, maana Kenya ilianza kupata ndege za kivita aina ya F-5 kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania imetegemea zaidi ndege za Kichina. Hata hivyo, pande zote mbili zilinunua. Mnaposhindana kwa kutaja ndege, mnachoshindanisha hasa ni viwanda vya Marekani na vya China.

Inafaa pia mjue kwamba majeshi haya yametoka tumbo moja. Wakati wa ukoloni askari wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa ndani ya kikosi kimoja cha Waingereza, King's African Rifles. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 20. Siku chache baadaye wakafuata wenzao wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya. Nchi zote tatu, zikiwa changa katika uhuru wake, zililazimika kuwaita askari wa Uingereza kuwatuliza askari wake zenyewe. Nadhani hakuna wiki iliyowafundisha viongozi wetu zaidi ya hiyo. Kenya ilibaki na muundo wa jeshi iliourithi, ikaurekebisha hatua kwa hatua. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lake lote, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likichukua vijana wa chama cha TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Tofauti mnazozibishania leo zilianzia hapo.

Sasa twende Kagera, mpakani mwa Tanzania na Uganda, ambako najua ndiko mnakojivunia. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakateka eneo la kaskazini ya Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Jeshi la Tanzania, ambalo lilikuwa na askari wasiofika 40,000, lilipanuliwa kwa miezi michache kwa kuwaita mgambo, polisi na vijana wa JKT hadi likapita 100,000. Malori na mabasi ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kubeba watu na shehena. Sehemu kubwa ya safari ya kuelekea Kampala askari wa miguu waliitembea kwa miguu yao, wakiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, ijapokuwa Libya ilikuwa imetuma askari kumsaidia Amin. Ni jambo kubwa, na msiruhusu mtu alidharau.

Lakini mkilitaja, litajeni lote. Vita hivyo viligharimu fedha ambazo nchi haikuwa nazo, wakati bei ya mafuta duniani ikipanda na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikiwa imevunjika. Wananchi waliambiwa wafunge mikanda. Waulizeni wazazi wenu juu ya foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, watawaeleza kwa nini mtu aliyeziona hazungumzii vita kwa shangwe.

Wenzako nao wana la kwao, na ni la karibuni zaidi. Oktoba 2011, baada ya utekaji nyara katika pwani ya Lamu na kambi ya Dadaab, jeshi la Kenya liliingia Somalia kuwakabili wapiganaji wa al-Shabaab katika operesheni ya Linda Nchi, na mwaka uliofuata likajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika. Mwishoni mwa Septemba 2012 lilishambulia Kismayu kwa nchi kavu, angani na baharini kwa pamoja, huku askari wakishuka ufukweni usiku. Kuziunganisha nguvu tatu namna hiyo ni kazi ngumu kwa jeshi lolote. Gharama yake pia ilikuwa nzito: shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 liliua watu 148, na lile la kambi ya El Adde tarehe 15 Januari 2016 liliacha simanzi katika familia nyingi za askari. Tanzania nayo haikukaa kitako baada ya Kagera. Machi 2008 ilipeleka askari Komoro kukirudisha kisiwa cha Nzwani chini ya serikali, na mwaka 2013 ilikuwa pamoja na Afrika Kusini na Malawi katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilicholisaidia jeshi la Kongo kuwashinda waasi wa M23.

Shauri langu basi ni hili. Katika kuhamasisha nchi nzima na kubeba vita virefu vya nchi kavu, Tanzania ina ushahidi ambao Kenya haina. Katika operesheni ya muda mrefu nje ya mipaka, yenye vifaa vya kisasa na adui anayejificha miongoni mwa raia, Kenya ina uzoefu mwingi zaidi. Tanzania inapakana na nchi nane, zikiwamo zilizo ng'ambo ya maziwa, na Kenya inapakana na tano, mojawapo ikiwa Somalia, kwa hiyo kila jeshi limejengwa kwa kazi yake. Hawajawahi kupigana wao kwa wao, na mimi namshukuru Mungu kwamba kipimo hicho hakipo.

SWALI: Mhariri mpendwa, salamu kutoka Nairobi. Sisi ndio tulioanzisha M-Pesa, na reli ya kisasa ya SGR tulijenga miaka saba kabla ya Tanzania. Kwa nini jirani zetu hawakubali tu kwamba katika teknolojia wako nyuma?

JIBU: Ndugu msomaji, M-Pesa ni fahari ya haki. Ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na mtu aliyekuwa akimpa dereva wa basi bahasha ya fedha ampelekee mama kijijini anajua ilileta mageuzi gani. Wazo lilianzia Vodafone ya Uingereza, lakini waliolifanya liishi ni mawakala na wateja wa Kenya, ambao walilitumia kwa namna ambazo wabunifu wenyewe hawakuzitarajia. Ni vyema pia kukumbuka kwamba mitambo yake ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa miaka minane shilingi iliyotoka Gikomba kwenda Kawangware, zote humo humo Nairobi, ilipita kwanza Ulaya. Kwangu mimi, kuhamishwa kwa mitambo hiyo kulistahili kusherehekewa karibu sawa na uzinduzi wenyewe, kwa sababu ndipo uwezo wa kuiendesha ulipokuja nyumbani.

Tanzania ilipata M-Pesa mwaka 2008 kupitia Vodacom, na hapo unaweza kusema ilifuata nyuma. Kilichotokea baadaye ndicho ambacho Wakenya wengi hawakijui. Mwanzoni, katika nchi zote mbili, ukimtumia fedha mtu wa mtandao mwingine, yeye hakuzipata ndani ya simu yake. Alipokea ujumbe wenye namba ya siri, akaenda nao kwa wakala wa mtandao wako, akatoa fedha taslimu, na akizitaka kwenye simu yake alilazimika kwenda kuziweka upya kwa wakala mwingine. Mwaka 2014 kampuni za simu za Tanzania zilianza kukubaliana kwamba fedha ziingie moja kwa moja katika akaunti ya mpokeaji, yaani Tigo, Airtel na Zantel kwanza, kisha Vodacom mwaka 2016. Kenya ilifika hapo mwaka 2018. Sababu inaeleweka: Tanzania ilikuwa na kampuni kadhaa zenye nguvu zinazokaribiana, ambapo kila moja ilipata faida kwa kufungua mlango, ilhali Kenya ilikuwa na kampuni moja iliyotawala soko, ambayo haikuwa na haraka. Aliyetangulia kubuni huduma akatanguliwa katika kuiunganisha, na mwanakijiji wa pande zote mbili akanufaika.

Kuhusu reli, tarehe zako ni sahihi. Treni ya Mombasa hadi Nairobi ilianza mwishoni mwa Mei 2017, na ya Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma mwezi uliofuata. Ile ya Kenya hutumia dizeli, na ya Tanzania hutumia umeme na imesanifiwa kufikia kilomita 160 kwa saa. Anayejenga baadaye huona makosa na gharama za aliyemtangulia, na hilo halimvunjii heshima aliyetangulia. Swali ambalo ningependa Wakenya na Watanzania wajiulize ni jingine. Reli moja imejengwa na mkandarasi wa Kichina, nyingine imeanza na mkandarasi wa Kituruki. Injini ikiharibika katika mwaka wa kumi na tano, nani ataifungua? Kijana wa chuo cha ufundi cha Nairobi au Morogoro, au mtaalamu atakayesubiriwa uwanja wa ndege? Nchi itakayojibu kwamba ni kijana wake ndiyo itakayokuwa imetangulia, hata kama treni yake itakuwa ya polepole zaidi.

Ndiyo maana mimi huvutiwa na mambo ambayo hayapigiwi vigelegele. Tanzania ina kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha, kilicho chini ya wizara ya ulinzi, ambacho kimejaribu kwa miongo mingi kutengeneza lori na vipuri kwa mikono ya Watanzania, na ina shirika la Mzinga, Morogoro, linalotengeneza risasi. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, ilifungua kiwanda cha bunduki Ruiru mwaka 2021, na karakana yake ya meli huko Kisumu imeunda meli ya MV Uhuru II inayobeba mabehewa ziwani. Kazi hizi ni ndogo ukilinganisha na za mataifa makubwa, na baadhi zimesuasua kwa kukosa fedha. Hata hivyo, fundi aliyechomelea bati la meli Kisumu ataweza kulichomelea tena litakapotoboka, na ujuzi huo hauondoki na mkandarasi.

SWALI: Kenya na Tanzania zinabishana kana kwamba Uganda haipo. Je, mnajua kwamba nasi tuna satelaiti? Ni msomaji wenu wa Masaka.

JIBU: Tunajua, ndugu yetu, na hongereni. PearlAfricaSat-1 ilirushwa Novemba 2022, ikiwa imeundwa na wahandisi wa Uganda waliosomeshwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, wakifanya kazi bega kwa bega na Wazimbabwe waliokuwa wakiunda ya kwao. Kenya ilitangulia mwaka 2018 kwa satelaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande ulioachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa, Rwanda ikafuata mwaka 2019, na Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1, yenye kamera ya kusaidia masuala ya kilimo na mazingira. Hadi hapo Tanzania haikuwa imerusha yake, na Watanzania wanaweza kukiri hilo bila kuona haya. Zote zilirushwa kwa roketi za wengine, ingawa pwani ya Kenya, karibu na Malindi, ndiko Waitaliano walikorushia satelaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Muhimu kwenu ni kujua wale wahandisi wako wapi leo, wanafundisha nani, na kama picha za satelaiti zinamfikia mkulima anayesubiri mvua.

SWALI: Mimi ni mzee niliyekuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Moshi mpaka ulipofungwa mwaka 1977. Nikiwasikia vijana wakitambiana vifaru na ndege, moyo hunienda mbio. Je, utani huu hauwezi kuzaa uhasama?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Hofu yako ina msingi, maana uliyaona kwa macho. Mwaka ule hapakuwa na risasi iliyofyatuliwa. Waligombana juu ya shirika la ndege la pamoja, madeni na mali ya Jumuiya, kisha Tanzania ikafunga mpaka hadi Novemba 1983. Walioumia ni watu kama wewe, wenye lori upande mmoja na wateja upande wa pili. Hata katika miaka yetu hii, mikwaruzano ya kweli imekuwa ya biashara: vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya vilivyochomwa moto Namanga mwaka 2017, mahindi ya Tanzania na Uganda yaliyozuiwa na Kenya Machi 2021, na vuta nikuvute ya safari za ndege Januari 2024, iliyomalizwa kwa siku chache baada ya pande mbili kuzungumza. Ukitaka kujua uhasama utatokea wapi, tazama forodhani kabla ya kutazama kambini.

Utani wenyewe mimi siuogopi, mradi ubaki na masharti ya utani, ambapo mtani anayekuchokoza leo ndiye wa kwanza kuchimba kaburi ukifiwa. Kinachotisha ni pale maneno yanapobaki na watu wakaacha kuvuka. Moroko na Algeria ziliwahi kupigana mwaka 1963. Mpaka wao wa nchi kavu umefungwa tangu 1994, Algeria ilikata uhusiano wa kibalozi Agosti 2021, na miezi miwili baadaye gesi iliyokuwa ikipita Moroko kwenda Hispania ikasimamishwa. Zote mbili ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa silaha barani Afrika, na kila ununuzi wa mmoja huwa sababu ya ununuzi wa mwingine. Huko hakuna utani tena.

Kwetu hali ni tofauti, na si kwa bahati. Majeshi ya Jumuiya hufanya mazoezi ya pamoja ya Ushirikiano Imara, ambayo maofisa wake hukaa hema moja na kupanga operesheni moja. Namanga ina kituo kimoja cha mpakani tangu 2018, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande mmoja tu. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka uleule, 2009. Laini ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida imeunganisha gridi mbili, kwa hiyo mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya, na maji ya bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, sasa vinaweza kusaidiana ukame ukija. Anayewaza kumdhuru jirani aliyemshikia waya wa umeme atalazimika kufikiri mara mbili. Dereva wa lori wa leo anapata taabu zake, mzee wangu, lakini hazifanani na zako za 1977.

SWALI: Mimi ni mwalimu Taveta. Wanafunzi wangu wanataka mdahalo juu ya mada hii, nasi tunafikiria kuialika shule ya Holili, upande wa Tanzania. Naomba ushauri.

JIBU: Mwalimu, waalikeni. Msitumie mada ya "nani mbabe", itaishia kwenye kelele. Jaribuni hii: "Ni heri nchi ijenge karakana kabla ya kununua silaha na mitambo mipya." Kisha wapangeni kinyume, yaani watoto wa Taveta watafute mifano yote kutoka Tanzania, na wa Holili waitafute yote kutoka Kenya. Wapeni wiki mbili kabla ya siku yenyewe, wazungumze na askari wastaafu, mafundi wa reli na mawakala wa fedha wa pande zote mbili, kwa sababu vijiji vyenu vimejaa watu walioyashuhudia haya. Dai lisilo na mwaka wala mahali lisipewe alama. Waamuzi wawe wawili, mmoja kutoka kila upande, na mwanafunzi atakayekiri hoja nzuri ya mpinzani wake kabla ya kuijibu aongezewe alama. Mkimaliza, tuandikieni ni hoja ipi ilishinda na kwa mfano upi, nasi tutaichapisha katika ukurasa huu.